Siku Mtani Wangu Aliponiamkia

Kazini kwetu kuna mtu mmoja tu anayeruhusiwa kunitukana, na ruhusa hiyo nimempa mwenyewe. Ni mtani wangu. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Zamani wazee wetu walipotoka hapa Tabora na mizigo kichwani kwenda pwani, walipita kwao. Njiani wakagombana, wakauguzana, wakazikana, na katika hayo yote ukazaliwa utani ambao sisi wajukuu tumeurithi. Mtani anakuambia lolote, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna utachekwa wewe, si yeye.

Huyu wangu alikuja Tabora kwa treni akiwa kijana, akaoa mtaa wa Mtendeni, akabaki. Ndiye mtunza stoo wetu: anashusha, anapakia, anapanga mapipa, anaziba yanayovuja. Nimemzidi miaka minane, lakini tangu tuanze kazi pamoja hakuwahi kuniamkia hata mara moja. Nikifungua mlango asubuhi atasema, "Mpagazi umefika? Leo umebeba nini?" Nami namjibu, "Mla nazi, kumbe umeamka! Nilidhani kwenu kunakucha saa sita." Tukishamaliza kutukanana hivyo, kila mtu anajua kazi imeanza.

Kazi yenyewe ni asali. Tuna chumba chetu mtaa wa Isevya, kikundi cha watu kumi na wanne. Tunapokea asali kutoka kwa warinaji wa vijijini, tunaipima, tunaichuja, tunaijaza kwenye mapipa na makopo. Mimi ndiye msimamizi. Nasema bila haya kwamba najivunia chumba kile kuliko nyumba ninayolala. Sakafu yake unaweza kula ugali juu yake. Vitambaa vya kuchujia vinachemshwa kila jioni, na ole wake atakayeanika kitambaa changu kwenye waya wenye kutu! Nina mdomo, sikatai. Mume wangu husema nikinyamaza dakika tano anakuja kunishika paji la uso aone kama nina homa.

Mwaka ule tulipata mnunuzi wa mapipa kumi na mawili kwa mkupuo. Kabla ya hapo tulikuwa tukiuza kopo kwa kopo, ndoo kwa ndoo, sokoni na kwa wasafiri wa treni. Huyu bwana alitoka mbali, mtu wa maneno machache na shati lililopigwa pasi hadi mikono. Alionja, akatazama sakafu, akatazama vitambaa, akaridhika. Halafu akasema shida yake na asali ya mitaani ni maji tu.

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikamwambia, "Bwana, ukikuta pipa moja tu lenye maji katika mapipa yangu, geuza gari lako uondoke, na usirudi tena Tabora."

Akanitazama, akaandika kwenye kitabu chake. Aliandika maneno yangu vilevile nilivyoyasema. Akasema atarudi mapipa yakijaa, atapima moja baada ya jingine. Kuanzia siku ile, jina la chumba chetu na jasho la msimu mzima la watu kumi na wanne vilikuwa vinaning'inia kwenye ulimi wangu.

Wiki hiyohiyo nikaitwa kwenye semina ya wasimamizi wa vikundi, siku tatu, chai na maandazi. Mwezeshaji alikuwa dada mmoja mchangamfu, na mafundisho yake yalinikolea. Alisema wafanyakazi hugombana kwa sababu hawajuani tabia. Akatugawa katika makapu manne: kuna msukumaji, anayetaka kazi iishe jana, kuna msimuliaji, anayetaka watu wacheke, kuna mtulivu, anayetaka amani, na kuna mpimaji, anayetaka kila kitu kiwe sawasawa. Mjue mtu wako yuko kapu gani, alisema, kisha mpe kazi ya kapu lake. Tukajaza karatasi za maswali. Mimi nikatoka msukumaji, tena msukumaji wa kupindukia. Nilipomwonyesha mume wangu ile karatasi alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama ilihitaji siku tatu kugundua hilo.

Nilirudi kazini kichwa kimejaa. Nikanunua karatasi kubwa ya manila, nikaibandika ukutani, nikachora makapu manne, nikawapanga watu wangu wote kwa kalamu nene. Jamani, nilijiona profesa. Mtani wangu nikamtia kwenye kapu la wasimuliaji bila kufikiri mara mbili. Mtu anayeongea vile, mwingine ni wa kapu gani? Nikaandika pembeni ya jina lake: asipewe vipimo.

Akaja akasimama mbele ya manila, mikono kiunoni. "Mnyamwezi umenitia kapuni," akasema. "Babu yako alibeba pembe za ndovu, wewe umeamua kubeba watu."

Na kwenye kapu la wapimaji, mtu wa kwanza niliyemwandika alikuwa binti mmoja aliyejiunga nasi mwaka uliotangulia. Alikuwa ameolewa nje ya mji, njia ya Kipalapala, kwenye familia ya wakulima Wakatoliki. Mpole, mwandiko safi kama wa kitabu, hasemi mpaka aulizwe, na akisema unainamisha kichwa umsikie. Kikombe kikiwa nje ya mstari rafuni, atakirudisha. Nikasema, huyu hapa! Nikampa kipimo cha maji na daftari lake, nikamweka mlangoni anapopokelewa kila mrinaji. Kipimo kile ni kidogo, unaweka tone la asali kwenye kioo, unakifunika, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia kwa jicho moja, unasoma namba. Ikipita ishirini, asali hiyo ina maji, unamrudishia mwenyewe. Asali yenye maji haikai. Inachachuka, inatoa povu, mwishowe inanuka kama togwa iliyosahaulika.

Basi nikatulia. Mpimaji mlangoni, msimuliaji stoo, msukumaji juu yao wote. Asali ikawa inaingia, mapipa yanajaa, daftari linajaa. Kila Ijumaa nilikuwa nalifungua na kulitazama tu kwa raha. Nilikuwa nikiwaambia wageni, "Hebu angalieni mwandiko huu."

Kama juma la tatu, mtani wangu alitoka stoo anapangusa mikono, akasema kwa sauti ya kusikika kwa wote: "Mpagazi, asali yenu mwaka huu mmeichota wapi, mto Igombe?"

Tukacheka. Nikamwambia kwao pwani wamezoea kunywa maji ya chumvi, ndiyo maana kitu kitamu kinamchanganya.

Siku chache baadaye akaja tena. "Pipa la tano limenicheulia," akasema. "Nimepita karibu nikasikia kabisa, beu! Wala halikuomba radhi. Tabia za Kinyamwezi hizo."

"Limekuiga wewe," nikamjibu. "Limekaa na Mzaramo wiki tatu, ulitaka lijifunze adabu wapi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Yule binti pia alicheka kidogo, halafu akainamia daftari lake. Nakumbuka hilo vizuri sasa, lakini siku ile lilinipita.

Mara ya tatu alikuja na ubeti mzima. Akasema usiku anaota mapipa yetu yamevaa kaniki yanacheza ngoma, vifuniko vinapanda na kushuka. Nikamwambia ale chakula chepesi jioni. Nikarudi kwenye hesabu ya makopo, nacheka peke yangu. Nikasema moyoni, kweli yule dada wa semina ana akili, huyu ni msimuliaji wa kuzaliwa.

Zilikuwa zimebaki siku sita mnunuzi aje. Asubuhi ile nilifika mapema, nafungua kufuli, mtani wangu akawa amesimama ukutani ananisubiri. Nikajiandaa na tusi langu, maana nililitunga njiani na lilikuwa zuri. Yeye akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema.

Loo! Moyo ulinipiga paa. Hakuwa anatabasamu. Macho yake yalikuwa chini, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kutoa taarifa ya msiba. Nikamwuliza mkewe ana nini. Akasema mke mzima. Watoto? Wazima, mama. Mama! Miaka yote ile hakuwahi kuniita mama. Nikaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuitambua. Akapita, akaingia stoo, akaanza kufagia kimya.

Nilikaa kwenye stuli. Nikajiuliza nimemkosea nini. Nikarudisha mawazo nyuma, neno kwa neno, matusi yangu yote ya mwezi ule, nikitafuta lililopita kipimo. Sikuliona. Ndipo nikaanza kuyarudia ya kwake. Mto Igombe. Pipa limecheua. Vifuniko vinapanda na kushuka.

Haki ya Mungu, nilitoka mbio mtu mzima mimi, khanga inaburuzika chini. "Fungua pipa la tano!" nikapiga kelele.

Akafungua. Povu lilikuwa limejipanga juu kwa duara, jeupe, linatoa viputo vidogo vinavyopasuka. Nikaweka pua. Togwa.

Nilimgeukia kwa hasira zangu zote. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia mara tatu, mama."

"Uliniambia kwa utani!"

"Wewe ulitaka nikuambie kwa lugha gani?" Hakupandisha sauti. "Mimi hapa mgeni, hata nikikaa miaka mia. Nikisimama mbele ya watu nikasema kwa uso mkavu kwamba asali ya Wanyamwezi mbovu, nitaambiwa Mzaramo amekuja kututawala. Nikitukana, mnanisikiliza. Siku zote ndivyo nilivyokuambia mambo. Pampu ilipokuwa inavuja nilikuambiaje? Nilisema inatoka jasho la kwapani. Ukacheka, ukaleta fundi. Safari hii umecheka tu. Nikasema basi, nimemchekesha vya kutosha."

Alikuwa anasema kweli. Utani ndio uliokuwa ripoti yake ya kila siku, na mimi nilikuwa nimemchorea kapu ukutani, nikaandika kabisa asipewe vipimo, kisha nikaacha kumsikiliza. Kabla ya semina nilikuwa namsikia bila kujua kwamba namsikia.

Tulipima mapipa yote, mimi na yeye, mlango tumeufunga. Matatu yalikuwa na maji. Tisa yalikuwa salama. Nikachukua daftari nijue asali ya mapipa yale matatu ilitoka kwa nani. Ilitoka kwa wengi, lakini mtu mmoja alikuwa kwenye yote matatu: mzee mmoja wa njia ya Kipalapala, mrinaji mkubwa, mtu wa heshima zake, anayeleta asali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nikafuata vipimo vyake kwa kidole. Kumi na nane. Kumi na nane. Kumi na nane. Ndoo kumi na saba, zote kumi na nane, kwa ule mwandiko mzuri niliokuwa nawaonyesha wageni. Hakuna pori duniani linalotoa asali ya namna hiyo. Na mimi nilikuwa nimeutazama ukurasa ule Ijumaa baada ya Ijumaa, nafurahia herufi.

Yule binti alipofika nilimwita ndani. Nilikuwa nimejaa pomoni, tayari kumfukuza. Nikamwekea daftari mbele. Hakujitetea. Machozi yalianza kumtoka kabla sijafungua mdomo.

"Sikupima, mama," akasema. "Yule ni baba mkwe wangu."

Nikakaa chini.

"Akifika mlangoni napiga goti, namwamkia, napokea ndoo nikiwa bado chini. Yeye anasimama pale pale anasubiri. Ningeinukaje nikachungulia ndoo yake mbele ya macho yake? Ningekuwa namwambia namshuku. Nyumbani hata kula mbele yake sijawahi. Nikaandika ile namba niliyoiona kwa wenye asali nzuri. Mama, kazi hii naipenda. Kupima nakupenda kweli. Niliogopa nikikuambia utanitoa."

Sasa fikirini. Mimi ni mwanamke wa hapahapa. Marehemu baba mkwe wangu nilimtumikia miaka kumi na saba, sikuwahi kumtazama usoni mpaka nilipoitwa kumuaga. Angeniletea kiroba cha mtama uliobunguliwa ningepokea kwa mikono miwili na kushukuru. Hayo yote nayajua, nimeyaishi, na bado nilimchukua mtoto wa watu nikamweka mlangoni ampime mkwewe! Nilijua ameolewa nyumba ile. Nilihudhuria harusi. Lakini nilikuwa nimesoma karatasi, na karatasi haikuwa na swali la mkwe wako ni nani. Nilipata aibu iliyonifanya nitamani sakafu yangu safi inimeze.

Nikawaita wenzangu wote. Kulikuwa na waliotaka yule binti aondoke siku ileile, na mmoja alilisema waziwazi. Nikamwambia mtu huyo akae chini. Nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyempanga pale, na kama kuna wa kuondoka, ufunguo huu hapa mezani. Hakuna aliyeugusa. Msukumaji akiomba radhi watu hawajui waweke macho wapi, na mimi sikuwa nimezoea pia.

Kisha nikaenda kwenye manila, nikaibandua. Sikuichana, maana ile semina sikuidharau na siidharau mpaka leo. Binti alikuwa mpimaji kweli. Kilichokuwa kibaya ni mlango. Nikamwambia aanze kukaa ndani, meza ya dirishani, ndoo zimfuate huko bila yeye kumwona mwenye nazo. Na mlangoni nikamweka mtani wangu.

Wengine wakashangaa. Mtu wa mizaha apokee asali? Nikawaambia, nani mwingine katika chumba hiki anaweza kumwambia Mnyamwezi yeyote, mzee au kijana, kwamba asali yake ni maji, na yule akaondoka anacheka? Wakafikiri. Mmoja akaanza kupiga makofi.

Siku hiyohiyo nikapanda bodaboda, mtani wangu nyingine, tukaenda njia ya Kipalapala kumwona mzee. Tulimkuta anasuka kamba ya mzinga. Nilimwamkia kwa adabu zote, nikaanza kuzunguka, mvua za mwaka huu, afya, mahindi. Mtani wangu akachoka.

"Mzee!" akasema. "Nyuki wako wamevutiwa bomba lini? Maana sisi Mtendeni tunahangaika na ndoo, kumbe huku nyuki wanaoga!"

Mzee aliacha kamba. Akamtazama. "Huyu Mzaramo?"

"Wa kutupwa," nikasema.

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. Akamrudishia matusi mawili ya zamani ambayo sikuwahi kuyasikia, ya ukoo wao na minazi yao, mazito, siwezi kuyaandika. Halafu kicheko kikaisha polepole, akaokota kamba yake.

"Ni nyegere," akasema. "Walianza kuvunja mizinga ya karibu. Nikarina mapema kabla hawajamaliza, masega mengine yalikuwa bado hayajafungwa na nta. Nikasema huko mjini wana kipimo. Ikiwa mbaya watanirudishia."

Hakuuliza kwa nini hakurudishiwa. Mzee mwenye akili anajua nani alikuwa amepiga goti mlangoni. Akasema tu kwamba ana mizinga mingine mbali, pori la ndani, ambako nyegere hawajafika, na asali yake sasa itakuwa imeiva. Tulipokuwa tunaaga tayari alikuwa anatafuta panga.

Yale mapipa matatu tuliwapa wapika wanzuki, ile pombe ya asali, ambao asali iliyoanza kuumuka kwao ni neema. Mtani wangu aligoma kuyapakia. Yeye Mwislamu, habebi pombe. Nikamwambia bado si pombe. Akasema ameiona inacheza ngoma, mwenyewe shahidi. Niliyasukuma mimi na wenzangu, yeye akitusimamia na kutuita wapagazi. Alikuwa amenirudia, na nilishukuru Mungu.

Mnunuzi akaja siku aliyosema, shati limepigwa pasi vilevile. Kabla hajafungua hata kifuniko kimoja nilimsimamisha. Nikajikaza. "Bwana, nilikuahidi kumi na mawili, yapo tisa. Matatu yalikuwa na maji. Nimeyaona mwenyewe, nimeyatoa mwenyewe. Maneno yangu uliyaandika. Kama unaondoka, ondoka, sitakulaumu."

Akafungua kitabu chake, akasoma, akakifunga. Hakuondoka wala hakusema anabaki. Akaanza kupima. Pipa la kwanza zuri. La pili. La tatu. Watu wangu wamepanga mstari ukutani kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Hadi la tisa, yote mazuri. Akajipangusa mikono. "Haya ni mazuri," akasema. "Lakini umeniambia mwenyewe kwamba maji yalipita mlangoni kwako. Nitajuaje hayatapita tena?"

Nilifungua mdomo, na wakati huohuo nikasikia ng'ombe nje.

Alikuwa yule mzee, mkokoteni umejaa ndoo, vumbi la pori mpaka kwenye nyusi. Mtani wangu akamzuia mlangoni kwa mkono. "Simama hapo, mwuza maji! Umeleta nini leo, supu?"

Mnunuzi alitoa macho. Akaninong'oneza, "Mama, mfanyakazi wako anamtukana mzee wa watu."

"Ndiyo kazi yake," nikasema. "Nimemwajiri kwa hiyo."

Mzee akacheka, akasema ampimie, na ikiwa na maji amwagie mwenyewe kichwani. Mtani wangu akachukua ndoo ya kwanza, akaipitisha ndani, akaiweka kwenye meza ya dirishani. Mnunuzi akaifuata. Na mzee, ambaye kwa kawaida huishia mlangoni, alivua kofia akaingia hatua mbili.

Binti alimwona. Nilimwona anavyomwona. Magoti yake yalianza kukunjika yenyewe, jamani, kwa mazoea. Kisha akajinyoosha. Akageukia dirisha, akampa mkwewe mgongo kama mtu aliye kazini, akachota tone, akafunika kioo, akakiinua kwenye mwanga. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Kumi na saba na nusu," akasema.

Hakuinamisha kichwa. Alilisema likasikika mpaka kwa ng'ombe nje. Mnunuzi akachukua kipimo, akachungulia mwenyewe, akakirudisha mezani, akafungua kitabu chake na kuanza kuandika mkataba wa msimu unaofuata.

Mzee alikuwa bado amesimama pale, kofia kifuani, midomo inamchezacheza. Hakumtazama binti, maana hilo haliwezekani. Alimgeukia mtani wangu.

"Mzaramo," akasema, "hebu mwambie huyo aliyesoma, asome tena."

Na mkwewe akasoma tena.